Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: funikeni paa la nyumba ile, sisi hatuhami

Asalam aleikum Mheshimiwa,

Jina lako sitolitaja wala la ofisi yako, unajijua, na watu wa Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanakujua. Sikuandikii kukuvunjia heshima. Barua za kawaida nimeshaandika, zimepigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninazo ndani ya bahasha, na hakuna hata moja iliyojibiwa mpaka wiki iliyopita ndio nikapata jibu langu la kwanza, nalo halikuja mkononi, limebandikwa mlangoni kwangu kwa gundi, linasema nyumba hii ni hatari kwa maisha ya wakaazi na wapita njia, tuhame ndani ya siku 14.

Nyumba yangu mimi. Sio ile yenu ya jirani ilioanguka ukuta.

Maana kilichotokea mtaa mzima umekiona. Usiku ule mvua ilinyesha mfululizo, karibu na alfajiri tukasikia mshindo, mimi nikadhani ni dari letu, nikakimbilia chumba cha mama kwanza, namkuta amekaa kitandani na tasbihi yake ananiuliza kimeanguka nini. Tulipofungua mlango uchochoro hauonekani, kifusi kimejaa kutoka ukuta hadi ukuta, mawe makubwa ya juu yamekuja chini na kipande cha boriti, bomba la maji limekatika, na baraza ambayo kila asubuhi mzee wa kahawa anaeka birika lake na wazee wanakaa kusubiri kahawa, ile kona yote imevunjwa. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu. Lakini ungechelewa kuanguka nusu saa tu, Mheshimiwa, watoto wanapita pale wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na kina mama wanakata hapo hapo kwenda sokoni Darajani. Nusu saa.

Ukuta ulioanguka ni wa ghorofa ya juu ya nyumba mnayoshika funguo zake nyinyi. Vijana wa mtaa ndio waliotoa kile kifusi kwa mikono na karai za kuazima, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, akaja akaangalia akapiga simu. Watu wenu walipofika mchana wakafunga utepe, wakapiga picha, wakaingia kwangu, wakaona nyufa kwenye ukuta wangu, wakaandika. Kisha ndio ile karatasi ya mlangoni.

Sasa mimi nauliza, ile nyufa imetoka wapi?

Nyumba yetu na ile yenu zimeegemeana, zinagawana ukuta mmoja tangu zilipojengwa, na alozijenga ndivyo alivyotaka, hii inaishika ile na ile inaishika hii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ile ikaingia serikalini kama nyumba nyingi za humu Mji Mkongwe, wakaekwa wapangaji, kila chumba familia yake, mpangaji anasema sitengenezi sio yangu, ofisi inasema kodi ni ndogo haitoshi hata kununua misumari, na hivyo ikaenda miaka na miaka. Mwisho wapangaji wakatolewa, wakaambiwa nyumba inataka matengenezo makubwa. Mlango ukapigwa kufuli. Tokea hapo hakuna fundi hata mmoja alieingia kulitengeneza paa. Upepo wa kusi ukang'oa bati moja, bati mbili, likabaki pengo, na mti umeota juu ya ukuta tunauona kutoka dirishani kwetu, mizizi yake imeshapenya ndani ya mawe.

Nisamehe nikikueleza unayoyajua, lakini naona kama yamesahaulika. Nyumba hizi hazikujengwa kwa tofali wala zege, ni mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo, na dari zimeshikwa na boriti za mikoko, ndio maana vyumba vyetu virefu na vyembamba, upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Nyumba ya namna hii haiogopi kuzeeka, inaogopa maji. Paa likiwa zima na maji yasisimame chini inakaa miaka mia na zaidi, zipo ushahidi mtaa mzima. Lakini maji yakiingia kwa juu yanashuka ndani kwa ndani ya ukuta, chokaa inalainika, udongo unachuruzika, jiwe linabaki limekaa tu halijashikwa na kitu, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza bila mtu kuona. Chumba cha mama kimepakana na ukuta wenu. Nilimwita fundi aangalie, akachukua bisibisi akaichoma boriti pale inapoingia ukutani, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, hakutumia nguvu hata kidogo. Alipoichomoa ikatoka na unga mweusi wa maji maji. Akaiangalia ile bisibisi, akaifuta kwenye suruali, akaniambia mtoe mama humu leo, usingoje kesho.

Mama sasa analala ukumbini. Mtu mzima wa miaka 80 na kitu, aliyezaa watoto wake wote ndani ya chumba kile, leo analala kwenye godoro baina ya mtungi na cherehani, na miguu yake hii haiwezi tena ngazi zetu za kusimama hivi, kwahiyo akishuka ndio ameshuka. Ubaridi wa ule ukuta umemuingia kifuani, usiku anakohoa mpaka adhana. Mimi sio daktari, lakini koga iliyojaa pale ukutani nyeusi tii, ukipitisha kidole inatoka, na yeye hakuwa akikohoa kabla. Mtoto wangu wa pili nae ameanza kuchemua kila asubuhi.

Na isije ikasemwa kuwa sisi tumekaa tu tunasubiri serikali. Hii nyumba naitengeneza mwenyewe kidogo kidogo tangu aliporudi kwa Mola wake baba yetu, kila nikipata pesa inaingia ukutani. Bati za kwetu zimebadilishwa zote. Boriti za upande wa uwani nimebadilisha, nazo boriti nzuri siku hizi kuzipata ni shughuli, na mikoko haikatwi ovyo, kwahiyo unaagizia unangoja. Dhahabu za mama zimeuzwa, bangili aliyovaa siku ya harusi yake imekuwa boriti na chokaa, hakulalamika hata siku moja, alisema nyumba ndio itakayobaki. Nilifuata kila nililoambiwa: kibali cha kubadilisha dirisha nimekiomba, nimekingoja, nikaambiwa dirisha liwe la mbao na sio la alumini, nikasema sawa, nikaambiwa rangi ya nje sio hiyo, nikasema sawa. Nikaambiwa saruji marufuku kwenye kuta kongwe, tumia chokaa, na hilo nakubaliana nalo kabisa maana nimeona kwa macho yangu tofauti yake. Chokaa ina kazi, lazima izimwe, iloweke wiki kadhaa, ichujwe, ipigwe kwa safu nyembamba na kila safu iachwe ikauke taratibu huku unairushia maji, na mafundi wanaoijua wamebaki wachache, vijana wanataka kazi ya saruji ya siku moja. Lakini chokaa inapumua, ukuta ukipata unyevu unautoa nje.

Basi jiulize nilivyojisikia, Mheshimiwa, mwaka juzi, watu waliotumwa na ofisi yako walipokuja kuuziba ule ukuta wenu wa nje kwa lipu ya saruji! Nilisimama dirishani nikawaambia jamani mnaua nyumba, saruji inayafungia maji ndani, yatatafuta pa kutokea na pa kutokea ni kwangu. Msimamizi wao akaniambia mama sisi tumepewa vifaa hivi. Na ndivyo ilivyokuwa, masika yaliyofuata ukuta wangu ukaanza kutoa chumvi nyeupe na kumeng'enyeka, chokaa niliyolipia ikaanguka kwa vipande. Yaani mwananchi akitumia saruji anaitwa kutoa maelezo, nyinyi wenyewe mnaotuzuia mkaitumia mchana kweupe, na paa lililokuwa wazi mkaliacha wazi.

Nakukumbusha pia ahadi yako, maana ulikuja mwenyewe. Ulikaa kwenye baraza ile ile ilovunjika juzi, ukapewa kahawa na kashata, ukawaambia wazee kabla ya Ramadhani bati zitakuwa juu. Mzee mmoja akakuuliza Ramadhani ya mwaka gani, ukamjibu hii hii inayokuja, tena ukamshika bega. Watu waliokuwepo wote wapo hai, waulize. Ramadhani ikaja, tukafuturu mabeseni yamepangwa kwenye ngazi kukinga maji. Ikapita. Ikaja nyengine ikapita. Nilipokwenda ofisini kijana wa mapokezi akasema bajeti haijatoka, nikenda tena akasema faili liko juu, nikenda tena faili halionekani, nikatoa nakala yangu, akasema hii nakala tu. Sasa mimi niende wapi? Mara ofisi hii inasema matengenezo ni ya ofisi ile, ile inasema sisi ni vibali tu, na mvua haijui ofisi ipi inahusika.

Watu wanasema mengi. Wanasema nyumba ile inaachwa ianguke yenyewe makusudi, kwa sababu nyumba ikisimama ni urithi na haiguswi, ikishaanguka ni kiwanja, na kiwanja cha Kiponda kina wanaokitaka wajenge hoteli. Mimi ushahidi sina na sikutuhumu wewe. Lakini nikiona nyumba yenye kosa haina karatasi na mimi ninayoitunza ya kwangu ndio ninaeambiwa nihame, unataka nifikirie nini? Nikihama mimi na mama na watoto, nyumba zote mbili zitakuwa tupu, zote mbili zitavuja, na mwaka mmoja tu zote mbili zitakuwa chini. Labda sivyo mnavyotaka. Ila ndivyo itakavyokuwa.

Mji huu umeandikwa urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Wageni wanapita mlangoni kwangu kila siku na kamera, muongozaji anawaambia tazameni mlango ule wa kuchonga, na nyuma ya ule mlango ndio mama amelala ukumbini. Urithi gani huo bila ya watu wake? Na tarehe 25 Disemba 2020 sote tuliona Beit al-Ajaib inaanguka, jumba la Sultani Sayyid Barghash la 1883, kubwa kuliko yote, liko mbele ya Forodhani kila mtu analiona, tena lilikuwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kama jumba lile lilianguka mbele ya macho ya dunia, nyumba ya uchochoroni nani ataiwahi? Siku zile viongozi wengi walisema nyumba kongwe zote zitakaguliwa. Sisi tulifurahi, tuliamini kweli. Nilisema Mungu amewarehemu wale marehemu na sisi tutapona.

Sikuombi fidia, ingawa haki yangu naijua. Sikuombi unijengee ukuta, ingawa mmeuharibu nyinyi. Wala siombi nyumba ya Michenzani, kuna aliyeniambia nikubali nipewe fleti nipumzike, nikamwambia mimi nimezaliwa hapa, nawajua wote wanaopita kwa sauti za viatu vyao, mama akiita dirishani jirani anampandishia maji, huko nani atampandishia?

Naomba paa. Lile pengo lifunikwe, basi. Bati za kawaida na mbao chache, hata turubali kwa kuanzia, na mti ule ukatwe kabla haujanenepa, kisha hayo matengenezo makubwa yenye bajeti na faili mtayafanya muda wenu. Kama hata hilo hamuwezi basi nipeni funguo. Wallahi nipeni funguo na karatasi moja yenye muhuri inayosema naruhusiwa kuingia, na sisi wa mtaa tutachanga, fundi yuko tayari, vijana waliotoa kifusi wako tayari, tutapanda wenyewe tutafunika paa la nyumba ambayo sio yetu. Hilo nimeliandika kwenye barua ya pili na ya tatu pia, lisome. Kwenda mwenyewe siwezi, nikivunja kufuli la serikali najua karatasi ya polisi itakuja siku hiyo hiyo.

Na ile notisi iondoeni mlangoni kwangu muibandike kwenye mlango unaostahiki, ni hatua nne tu kutoka hapo. Mama hahami, na mimi siwezi kumuacha. Siku 14 zinaishia wiki ijayo na mvua bado zipo, hii ni masika, kila jioni nikiona wingu linatoka upande wa bahari siwezi kula.

Njoo uone Mheshimiwa. Usitume mtu. Njoo mwenyewe upande ngazi mpaka chumbani kwa mama, uuguse ule ukuta kwa mkono wako, halafu nitakufungulia dirisha uone anga kupitia nyumba yenu. Ukishaona ndio uamue nani ahame. Lakini ukija, njoo na bati.

Mimi ni jirani yako, maana mwenye nyumba ile ni wewe,

Mkaazi wa Kiponda, Mji Mkongwe, Zanzibar