Zuhura, kanga uliyonipa nimeikata

Hobart, Jumapili usiku, mwezi wa nane

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Hujambo? Watoto? Mama miguu inaendeleaje? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila baridi inatutesa. Leo asubuhi mlima umeamka mweupe kwa theluji. Najua kimya changu kimepita kiasi, na ujumbe wako wa sauti wa tangu Idi sijaujibu. Nisamehe. Leo nimekaa kuandika kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe, kabla Mwanahamisi hajakutumia picha.

Kanga nimeikata. Ile ya arusi yangu, ya "Wema hauozi". Kipande kimoja. Cha pili kipo sandukuni, sijakigusa. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka zamu, barabara ya Huonville, saa tano usiku. Taa za gari zikamulika kitu kimelala ukingoni. Walabi, yule wanayemwita wa Bennett, kama kangaruu mdogo hivi. Kagongwa, kafa, mwili bado wa moto. Hapa Tasmania, kisiwa cha Australia, ukikuta mnyama hivyo na barabara ni salama, unasimama kwa mambo mawili. Kwanza umvute kabisa atoke njiani, maana shetani wa Tasmania, mnyama mdogo mla nyama, hufuata mizoga usiku, naye akaja kugongwa palepale. Pili, kama ni jike, umtazame kwenye mfuko wa tumboni, huenda mna mtoto hai.

Nikaingiza mkono. Ndani pana joto, pana unyevunyevu, ngozi laini kama sehemu ya ndani ya shavu la mtoto. Vidole vikagusa mguu mwembamba, mrefu, uliokunjwa. Mguu ukanipiga teke.

Nikapiga simu kwa watu wa uokoaji. Mama aliyepokea akaniambia jambo moja mara tatu: usimvute. Chuchu ya mama yake ilikuwa imerefuka kama kamba ya kiatu, na ncha yake imevimba ndani ya kinywa cha mtoto, imemshika. Ukimvuta unamwumiza kinywa. Ikabidi niikate chuchu kwa mkasi mdogo wa kwenye kisanduku cha dawa, yeye abaki na kipande mdomoni. Zuhura, nilikata huku nalia. Kisha nikatazama cha kumfungia, na kilichokuwepo garini ni kanga yako, nilikuwa nimejifunika miguu. Nikamviringisha, nikamtia ndani ya sweta, tumbo langu kwa mgongo wake, nikaendesha polepole mpaka Kingston kwa bibi mmoja mwenye kibali cha kulea wanyama wa pori. Macho yameshafunguka, manyoya ndiyo kwanza yanachipua, mepesi kama ya mapichisi ya Lushoto, masikio yamelala nyuma. Njia nzima nilikuwa nahisi moyo wake unavyokwenda.

Bibi alipotaka kumhamishia kwenye mifuko yake, mtoto akaanza kutetemeka. Akasema, "Iache hiyo nguo." Baadaye akanieleza kwamba kila mtoto akinyonya, mfuko wa ndani hubadilishwa kwa sababu anauchafua, na lazima uwe wa pamba tupu. Mifuko hana ya kutosha. Msimu huu analea wanne. Kanga yako ilikuwa laini kuliko vyote alivyokuwa navyo, kwa miaka 11 ya kufuliwa na kuanikwa. Nikaja nayo nyumbani, nikaitandaza mezani, nikaitazama sana. Nikaikata. Imetoka mifuko sita, nimeishona kwa mkono, pindo nimeziacha kwa nje zisimkwaruze.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Ulisema mjukuu wa mzee Hiza amekuuliza darasani kwa nini kangaruu anazaa mtoto ambaye hajakamilika, na kwamba kile kitabu mnachotumia kinawaita hawa mamalia wa hali ya chini. Nimelifikiria sana neno hilo kila ninapokwenda Kingston. Mwambie kitabu kimekosea.

Mimba ya walabi huyu ni kama siku 30 tu. Anayezaliwa hafiki gramu moja, mkubwa kama punje ya haragwe, haoni, miguu ya nyuma ni vijitawi tu. Ila mikono ina nguvu na ina makucha. Anajivuta mwenyewe kwenye manyoya ya mama kwa dakika chache, anaingia mfukoni, anakamata chuchu, na hapo anakaa miezi na miezi. Kwa hiyo mimba haikukatika, imehama tu. Kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kondo la nyuma, yeye anaifanya kwa maziwa. Na maziwa yenyewe! Yanabadilika jinsi mtoto anavyokua, ndiyo maana bibi ana makopo ya unga yenye namba kwa umri, na maziwa ya ng'ombe hawapewi kabisa. Kangaruu anaweza kuwa na kichanga kwenye chuchu moja na mtoto mkubwa anayeruka nje akija kunyonya nyingine, na kila chuchu ikatoa maziwa yake, tofauti na ya mwenzake, kwa wakati uleule. Mwambie mjukuu wa Hiza atafute mamalia wa "hali ya juu" anayeweza hilo.

Tena mara nyingi huwa na wa tatu, kijusi cha seli kama mia hivi, kimesimama tumboni hakikui, kinangoja mfuko upate nafasi. Nikijua hivyo namkumbuka yule mama pale barabarani. Huenda sikuokoa wote.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. Shetani wa Tasmania huzaa zaidi ya watoto 20 na chuchu anazo nne. Nne tu. Waliochelewa kufika ndio basi. Na tangu 1996 saratani ya usoni inawamaliza, wanaambukizana kwa kung'atana, imeshafuta sehemu kubwa ya idadi yao. Yule mwenye milia mgongoni, wanayemwita chuimilia wa Tasmania ingawa naye ni wa mfuko, hakupewa hata nafasi ya kuugua: serikali ililipa pauni moja kwa kila mkubwa aliyeuawa, kuanzia 1888 mpaka 1909, malipo zaidi ya 2,000. Wa mwisho anayejulikana alikufa hapahapa Hobart, kwenye bustani ya wanyama, Septemba 7, 1936, siku 59 baada ya sheria ya kumlinda. Nimepita ile sehemu. Limebaki lango tu na nyasi.

Usije ukamwambia darasani kwamba hawa wenye mfuko ni wa Australia peke yake. Jamii zao zimepita 330, na zaidi ya 100 ziko Amerika. Mababu zao walivuka kutoka Amerika ya Kusini kupitia Antaktika, enzi hizo nchi zimeshikana na barafu haipo. Na hili nilifurahi kulijua: hata Afrika ndugu zao waliwahi kuwepo, visukuku vyao, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vimechimbwa Fayum, Misri, vya kama miaka milioni 30 iliyopita. Baadaye wakatoweka.

Na kinyamadege, yule mwenye mdomo kama wa bata, nimemwona! Katikati ya mji, kwenye kijito cha Hobart kinachotoka mlimani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alielea kama kandambili iliyotupwa majini, akatafuna, akainama, akazama, yakabaki mapovu. Chini ya maji anafumba macho, masikio na pua. Anawinda kwa mdomo wake, unahisi umeme mdogo wa misuli ya wadudu na kamba. Ngozi yake ya kwanza ilipofika Uingereza, George Shaw aliyemwandika mwaka 1799 alishuku kuna mtu amemshonea mdomo wa bata. Wakabishana miaka 85 kama kweli anataga, mpaka William Caldwell alipothibitisha mayai mwaka 1884. Anataga, kisha ananyonyesha, na chuchu hana: maziwa yanatoka kwenye ngozi kama jasho, watoto wanayafyonza kwenye manyoya. Wanaotaga wamebaki aina tano tu duniani, yeye na ekidna wanne, wale wenye miiba. Ekidna yeye yai lake analibeba tumboni kwenye mkunjo wa ngozi, naye ana mfuko wa kwake.

Narudi kwenye mfuko. Nimeona mahali wanaandika kwa Kiswahili "wanyama wenye mbeleko", na mimi napenda hivyo kuliko "mfuko". Mfuko ni wa sukari. Mbeleko ina mtu ndani. Hata wombati, mchimbaji wa mashimo, mbeleko yake imeelekea nyuma ili mchanga usimwingie mtoto. Wewe ndiye mwalimu, niambie, unawafundisha kwa neno gani?

Na je, umenisamehe? Kweli kabisa au kwa mdomo? Mama bado ana zile kanga kuukuu alizokuwa anatufungia mgongoni, au zimeshakuwa matambara? Kama zipo, hata tatu, mdogo wake Shaban anakuja Desemba, anaweza kubeba? Chagua zilizofuliwa mpaka maandishi yamefifia, ndizo yule mtoto wa walabi anazozipenda. Mjukuu wa Hiza anaitwa nani hasa, nimwandikie ukurasa wake mwenyewe? Na lile shamba la michungwa liliishaje, ulishinda au mnaendelea na mabaraza?

Bibi amenipigia sasa hivi, mtoto amenyonya chupa nzima na amelala kichwa chini miguu juu, kama inavyotakiwa.

Wako,
Mwanaidi