Barua ya wazi kwa wifi: watoto wa mbwa, paka na ile rafu ya dawa za ng'ombe

Wifi mpendwa,

Salamu nyingi hapo Bugiri, Uganda. Habari za watoto wa mbwa watatu na paka wawili zimetufikia, pamoja na zile za kaka kudai kwamba wote watano ni walinzi. Hongereni. Ila kabla hujawapa majina, ingia stoo utazame rafu ya dawa za ng'ombe. Hatari ya kwanza imekaa hapo.

Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe huwa na amitrazi, au zile za jamii ya sipamethrini na deltamethrini. Ini la paka haliwezi kuzivunja hizi za jamii ya pili. Paka akipakwa, au akilala ubavuni mwa mbwa aliyepuliziwa muda si mrefu, masikio huanza kuchezacheza, mwili hutetemeka, kisha hushikwa na degedege. Ikitokea, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kitaulo asijilambe, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe maziwa eti yaue sumu. Amitrazi nayo si ya paka, wala si ya mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi 4. Kwa hawa wadogo, kupe wang'oe kwa kibanio: mshike kupe karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha, mtumbukize kwenye spiriti. Viroboto waondoe kwa kitana cha meno membamba na sabuni, kisha mkaushe mtoto vizuri, kwa sababu baridi humdhuru kuliko kiroboto.

Panadol pia iondoe mezani. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chatosha kumuua paka: ufizi hugeuka kahawia, uso huvimba, pumzi hukata. Sumu ya panya ni vivyo hivyo, maana paka humla panya aliyelewa sumu, na dawa nyingi za aina hiyo huzuia damu kuganda, hivyo dalili huonekana siku 2 hadi 5 baadaye. Umeleta paka kwa ajili ya panya. Chagua basi, paka au sumu.

Sasa minyoo. Mama mbwa huwaambukiza wanawe wangali tumboni, tena kupitia maziwa, ndiyo maana dawa huanza wiki ya 2, hurudiwa ya 4, ya 6 na ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Paka hupitisha kwa maziwa tu, kwa hiyo watoto wake huanza wiki ya 3. Wako wana wiki 6 na hakuna ajuaye walipewa nini: anza leo, rudia baada ya wiki 2. Pima kila mmoja kwa mizani ya jikoni, kwa sababu kipimo hufuata kilo. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ni kumpa mmoja pungufu na mwenzake kupita kiasi. Ukiona minyoo kama tambi kwenye kinyesi siku inayofuata, dawa imefanya kazi. Fukia kinyesi hicho mbali na wanapocheza watoto wa nyumbani.

Tumbo kubwa lenye mbavu zilizotokeza watu hulisifia kwamba ni shibe. Ni minyoo, au posho (ugali) tupu. Mtoto wa mbwa ale mara 4 kwa siku hadi miezi 3, kisha mara 3 hadi miezi 6. Pika posho laini kikombe 1, changanya na nusu kikombe cha mukene (dagaa) waliochemshwa na kupondwa, bila chumvi wala kitunguu. Mukene wa kuanikwa mchangani waoshe hadi maji yatulie bila mchanga, au tafuta wa kuanikwa juu ya nyavu. Unga wa mahindi uliovunda usimpe mbwa hata kama kuku wanaula: sumu ya ukungu haitoki kwa kupikwa, nayo huharibu ini. Utumbo kutoka machinjioni uchemshe sawasawa. Paka hawezi kuishi kwa posho na maziwa. Asipopata nyama au samaki hukosa kirutubisho cha taurini, na macho na moyo wake hudhoofika.

Hapo Busoga tekenya, wale wadudu wanaochimba miguuni, mnawajua. Mbwa na nguruwe huwabeba, na sakafu ya vumbi kavu ndiyo makao yao. Kagua katikati ya vidole kila jioni. Walaze juu ya ubao ulioinuliwa sentimita 10 hadi 15, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na badilisha magunia mara tu yanapolowa mkojo, kwa sababu nzi wa maembe hutaga kwenye udongo na vitambaa vyenye harufu hiyo. Uvimbe wenye tundu dogo katikati ni funza wake. Mpake mnyama Vaseline nyingi hapo uzibe tundu, funza akikosa hewa atachungulia. Minya kutoka pande mbili bila kumpasua, kisha safisha kwa ayodini.

Chanjo ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Kinga waliyoipata kwenye dang'a (maziwa ya kwanza) la mama huizima chanjo, na kila mtoto huishiwa nayo kwa wakati wake. Anayechomwa mara moja tu huenda hajakingwa. Hadi hapo usiwapeleke sokoni. Kama pavo imewahi kuingia kiwanjani, osha sakafu ya saruji kwa Jik kipimo 1 kwa maji vipimo 30. Udongo hukaa na virusi kwa miezi.

Ya kichaa cha mbwa huchomwa kwenye miezi 3, paka pia, na tena baada ya mwaka. Chanjo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiletwa na boda ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) bila barafu, ikatae hata kama mchomaji ni jirani. Mtu akiumwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Waambie watoto waseme hata mkwaruzo, bila kuogopa fimbo.

Na yule paka jike: anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, na hubeba siku 63 hadi 65 tu. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya sasa hivi lini anafanya upasuaji wa kufunga kizazi, na kabla ya siku hiyo paka afunge kula kwa muda wa saa ngapi.