Tope la buti zetu na vyura wa Kibale

Mhariri,

Ukitaja ugonjwa wa chura, watu hucheka. Lakini kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura, ilikwisha kuripotiwa katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, mwaka 2007. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi. Ikiharibika, chumvi za mwilini huvurugika, moyo husimama. Duniani, spishi zipatazo 90 za vyura na jamaa zao zinadhaniwa zimetoweka kwa sababu ya kuvu hii.

Kuvu hii husafiri hata kwenye tope la viatu. Nami, mwongoza watalii, nimewahi (aibu yangu) kupita misitu miwili kwa siku moja na buti zilezile chafu. Naomba kila lango la hifadhi liwe na brashi na beseni la dawa.

Mwongoza watalii,
Fort Portal