Nibaki kwenye baraza lao au nijitoe?

Anti, shikamoo kama unanizidi umri, na kama hunizidi basi pokea salamu. Adhana ya alfajiri imeshapita na sijafumba jicho. Mtoto haumwi, nashukuru leo kalala vizuri. Ni mimi tu.

Niko kwenye baraza la ushauri la taasisi moja ya wagonjwa wa siko seli, yaani selimundu. Siitaji jina, wenyewe wakisoma watajijua. Ni kazi ya kujitolea, tunapewa nauli na soda, kwa hiyo wanaosema nimefuata posho waache, posho yenyewe haipo. Na sikuomba, niliombwa. Walisema wanataka mzazi anayeishi na huu ugonjwa nyumbani. Mwanangu ana miaka 17. Najua macho yanavyoanza kugeuka njano, najua mifupa inavyomshika msimu wa baridi, najua kuwapigia ndugu simu waje kuchangia damu na wanaosema "niko njiani" hawafiki. Nimepanga foleni ya haidroksiurea, dawa ya kumpunguzia hayo maumivu, nikaambiwa dawa ipo, lete kwanza majibu ya kipimo cha damu, na hela ya kipimo ndiyo sina. Hayo nilikuwa nayasema kikaoni na walikuwa wanayaandika.

Sasa wanatengeneza kipeperushi cha tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Kinahimiza vijana wapime kabla ya kuoana. Sina ugomvi na kupima, hilo unielewe vizuri, maana naona wameshaanza kunisema kama mtu wa kupinga. Mimi na baba yao wote ni AS, yaani tumebeba vinasaba vya ugonjwa bila wenyewe kuumwa, na hatukujua mpaka mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu, hata mwaka hajatimiza. Enzi zile nani alikuwa anatuambia tupime? Ugomvi wangu ni mstari mmoja, wameuweka juu kabisa kwa herufi kubwa: "AS NA AS WASIOANE, TUMALIZE UGONJWA HUU." Chini yake picha ya mtoto analia, ana dripu mkononi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mwanangu anasoma, na hicho kipeperushi kitafika shuleni kwao. Ataelewa nini, kama si kwamba ingekuwa heri wazazi wake wasingekutana? Nikasema tuandike ukweli ulivyo, kwamba wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa, halafu watu waamue wakiwa wanajua. Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mama, huo ni uchungu wa mzazi. Turudi kwenye hoja." Wakarudi kwenye hoja. Hoja ilikuwa rangi ya karatasi.

Uchungu wa mzazi, Anti. Si walinifuata kwa sababu mimi ni mzazi? Mwenyekiti ana hesabu zake, kila kikao anafungua na watoto takriban 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, na mimi sizikatai. Ila mmoja wao analala chumba cha pili. Kwenye muhtasari wameandika "mjumbe mzazi alitoa maoni", basi, hata maoni gani hayapo. Mama mwenzangu wa barazani alikuwa kainamia simu muda wote, tulipopanda daladala ndiyo ananiambia nilisema kweli. Ukweli wa kwenye daladala unanisaidia nini?

Na majina yetu wote yatachapwa nyuma ya kipeperushi, la kwangu likiwemo. Jumamosi tunasaini.

Baba yao anasema niachane nao, nibaki na biashara yangu. Yeye hajawahi kukaa kwenye kikao hata kimoja. Nikitoka, nani atasema habari ya hela ya kile kipimo cha damu? Wameahidi kulipeleka suala hilo wizarani, na najua nisipokuwepo litasahaulika. Lakini nikibaki, jina langu liko chini ya ule mstari.

Kuna hili lingine, si kubwa. Dada wa huyu mwanangu amechumbiwa. Barua ilishaletwa na mahari nusu imepokelewa. Yeye ni AS, na kijana nilimshikilia mimi mpaka akapima, naye ni AS. Wanasema wanapendana, mengine ni majaliwa ya Mungu. Nilipoanza kusema, binti akanijibu, "Mama, si wewe uliyesema watu waamue wakiwa wanajua? Sisi tunajua." Nilikuwa nimemsimulia kikao chote mwenyewe. Nikakosa jibu.

Anti, mimi sitaki hiyo ndoa. Sitaki kukesha tena na mjukuu. Lakini nikilisema hilo kwa sauti, mdogo wake anasikia, na yeye ndiye anayemtetea dada yake. Juzi ameniuliza, "Mama, kwa nini hutaki? Kwa sababu atazaa kama mimi?" Nikamwambia nenda kamalizie uji.

Ila siyo hilo lililonifanya nikuandikie, nimekuandikia kuhusu mwenyekiti. Usiniambie nikaongee naye pembeni. Nilimwandikia ujumbe mrefu kwa adabu zote, akanijibu kwa alama ya dole gumba. Nisaini nibaki, au niwaachie baraza lao? Na kama una neno la kumwambia binti, liandike kwa namna ambayo mdogo wake akilisoma halitamchoma, kwa sababu anasoma ukurasa huu.

Jumamosi ni kikao, Jumapili wajomba wanakuja kupanga tarehe ya harusi. Jina langu usiliweke.

Mama wawili, Temeke