Oili ya boti usiitie kwenye Vespa, na mengine tunayoulizwa kila siku gereji

Wiki iliyopita kaja mzee mmoja anasukuma Vespa yake ya PX 150 kutoka Kikwajuni hapa Unguja, saa 7 mchana, jua la kaskazi lile, shati limelowa mgongo mzima. Hata salamu hazijesha keshasema, "Fundi, imenoki." Nikamwambia shikamoo mzee, kaa kwanza unywe maji, chombo hakikimbii. Alipotulia nikamuuliza anachanganya oili gani kwenye petroli, akafungua lile sanduku la pembeni akatoa kopo jekundu, anasema hii naipata kwa wavuvi pale Malindi, wao wanatia kila siku na hawajapata tabu.

Nikaligeuza kopo. Mbele kuna picha ya boti inakata wimbi, nyuma kwa maandishi madogo sana imeandikwa TC-W3. Basi nikajua tutakachokikuta hata kabla sijashika spana.

Tulipovua silinda ringi zimegandia kwenye pistoni kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni, moja tumeichokoa na wembe. Mzee hajafanya uzembe, oili katia na kipimo kakijali, ila ile ni oili ya mashine ya boti. Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari yanayopita ndani yake muda wote, kwahiyo haipati joto kubwa, na oili yake imetengenezwa hivyohivyo, haina zile dawa za kusafisha zinazoacha majivu kwa sababu kwenye boti zingechafua plagi. Vespa haina maji, inapozwa na feni tu inayosukuma upepo juu ya silinda, na ukiwa umekwama kwenye foleni ya Darajani upepo wenyewe ni wa moto. Inataka oili ya kuhimili joto hilo na kusafisha ringi wakati huohuo. Geuza kopo utafute alama za ubora, JASO FC au FD, FB inafaa kwa kubanana, au API TC bila ile W3 mkiani. Herufi zinafanana ndo maana watu wanaliwa, TC peke yake ni ya pikipiki, TC-W3 ni ya boti.

Kipimo cha kuchanganya oili hii na petroli nacho kina hadithi zake. PX toka ilipoanza kutoka 1977 inataka 2%, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, ukitia lita 5 ni mililita 100. Kuna wazee wanatia mara mbili ya hapo na zaidi kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, na hawakudanganywa, Vespa za miaka ya 50 zilikuwa zinataka 5%. Lakini ukiipa PX kipimo kile plagi inakuwa nyeusi inamisi kila kona, ekzosi inaziba, na kingine ambacho wengi hawakifikirii, ukizidisha oili unapunguza petroli inayopita kwenye jeti ya kabureta, kwahiyo injini inaweza kupata joto ZAIDI badala ya kupoa. Kama unayo ile ya zamani kabisa ya babu usibadilishe kipimo kwa kunisoma mimi hapa, ilete tuione kwanza.

Usipime kwa kizibo cha soda wala kwa jicho. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20, halina bei, toa sindano yake tupa, bomba moja lita moja, kwisha. Oili itangulie kwenye tangi halafu petroli ije juu yake iivuruge, na mwambie kijana wa sheli asubiri umalize maana wale mkono mwepesi. Kama PX yako ni ile yenye tangi lake la oili peke yake na kidirisha cha kioo, hapo huchanganyi kitu, unaangalia kioo tu, kikiwa cheupe ongeza. Kuna watu wanacho kioo na bado wanachanganya kwenye petroli, ndo zile moshi wake unauona toka Michenzani.

Sasa hiyo ni oili ya kwanza, na hapa ndipo tunapoteza wateja wengi kwa maana wanadhani imekwisha. Vespa ina oili ya pili, ya gia boksi, na ile haichanganyiki na ya kwanza wala haijui habari zake. Ni mililita 250 tu za SAE 30 (hiyo SAE ni namba ya uzito wa oili), robo lita, watu wanaisahau miaka. Juzi nimefungua moja bolti ya chini limetoka tope la rangi ya kahawa ya maziwa, mwenyewe anasema hiyo nilitiwa nilipoinunua, ameinunua mtoto wake akiwa chekechea sasa yupo kidato cha pili.

Ndani ya oili hiyohiyo ndimo inamoogelea klachi, na sahani za klachi ya Vespa zimebandikwa kizibo, kizibo kilekile cha mti kama cha chupa, nacho kinanyonya chochote utakachotia. Ukitia oili ya gari ya kisasa, zile nyepesi za 5W-30 au 0W-20 zinazojisifu kupunguza ulaji wa petroli, kule kupunguza kunatokana pia na dawa ya utelezi, na klachi kazi yake ni kushika, haitaki kuteleza. Utaona unapanda mlima injini inalia we hufiki. Utabadilisha waya, utabadilisha springi, kumbe oili.

Halafu kuna hili la namba, nimebishana nalo na mafundi wenzangu wakubwa kuliko mie. Mtu anasema SAE 30 nyepesi hiyo, mie natia gia oili 90, nzito mara tatu. Sivyo! Namba za gia oili na namba za oili ya injini zina mizani mbili tofauti, ni kama futi na mita, gia oili ya 80 uzito wake hauko mbali na oili ya injini ya 30, na hiyo 90 inakaribiana na 40 au 50. Tatizo la gia oili sio uzito, ni dawa zilizomo, khasa zile za GL-5 ambazo zimetengenezwa kwa difu za magari, zinaweza kula shaba na klachi ya kizibo haizipendi. Kwahiyo hata tukikuta 80 uzito sawa sie hatuitii.

SAE 30 kuipata mjini ni tabu kidogo, SAE 40 imejaa na 20W-50 ndo usiseme, 30 sie tunaagiza Kariakoo inakuja na boti. Ukikosa kabisa na umo safarini chukua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA nyuma ya kopo, hiyo MA maana yake imepimwa kwa klachi iliyomo ndani ya oili. Ukiona MB iache. Na hili la MA linawahusu pia ndugu zetu wa Honda CG 125 na Honda 50 za zamani, nyie oili yenu ni moja tu kwa injini, gia na klachi, kwahiyo ukikosea umekosea kote.

Kitu kimoja nawaomba mkifanye wenyewe nyumbani, mnuse. Oili ya gia boksi ikinuka petroli na imeongezeka kuliko ulivyotia, au imepungua na ekzosi inatoa moshi mweupe usiokatika, basi oili sili ya krank upande wa klachi imekufa, chumba kimoja kinavuta cha mwenzake. Hapo hata nikuuzie oili ya dhahabu nakudanganya, lete tubadilishe sili.

Kuhusu oili feki nisijifanye mjanja, na sie tumepigwa. Tulinunua katoni kwenye duka moja kwa bei ya kuchekesha, mihuri ipo, kopo linang'aa, kumbe ndani oili iliyokwishatumika imechujwa ikarudishwa. Tulishtuka mteja wa tatu aliporudi. Tuliwatengenezea wote bila kuwatoza na toka siku ile makopo matupu yote hapa gereji tunayatoboa kwa bisibisi kabla ya kutupa, ukiona mtu anakununulia makopo matupu ya oili yaliyo mazima na vizibo vyake jiulize anaenda kuyafanyia nini. Oili chafu yenyewe wanachukua mafundi seremala wanapaka nguzo kwa ajili ya mchwa, hiyo sawa.

PX ya yule mzee imepona, pistoni ilikuwa na mikwaruzo lakini silinda imesalimika, tumetia ringi mpya na robo lita ya 30 chini. Kopo lake jekundu kaondoka nalo, anasema atampa mkwewe wa ngalawa.

Kama unataka tukupimie njoo na chupa safi kavu yenye kizibo, tunauza hata mililita 100, huna haja ya kununua kopo zima. Bomba la sindano ukibadilisha oili ya gia kwetu tunakupa bure. Ijumaa tunafunga saa 5 na nusu tunarudi saa 9.