Barua kwa mwanangu: bildi ambayo haikutupwa

Mwanangu,

Unauliza bildi, risasi ya kupimia kina cha maji kwa kamba, ni ya kazi gani siku hizi, na chombo kina setilaiti. Basi soma habari ya meli Atlantic. Titanic kila mtu anaijua. Hii ilikuwa ya kampuni ileile ya White Star, na ilipotea miaka 39 kabla.

Iliondoka Liverpool tarehe 20 Machi 1873, ikapitia Queenstown, Ayalandi, ikashika njia ya New York. Ilibeba watu zaidi ya 950, wengi wao wahamiaji. Dhoruba zikaichelewesha. Mchana wa tarehe 31 nahodha James Williams akaarifiwa kwamba makaa yamebaki tani 127, na lango la New York bado maili 460. Akageuza kwenda Halifax, Kanada, maili 170. Kwa hilo simlaumu.

Kufika usiku wa manane walikadiria wamekata maili 122, zimebaki 48. Nahodha akajilaza chumba cha ramani, akaagiza aamshwe saa tisa. Lakini hesabu ile ilikuwa makadirio matupu: meli ilikwenda kasi kuliko walivyodhani, tena ilikuwa imesogea magharibi maili zipatazo 12. Walinzi walikodolea macho taa ya Sambro, mnara wa kuingilia Halifax, hawakuiona. Taa isipoonekana kwa wakati wake, usijiambie bado hujafika. Hujui ulipo. Punguza mwendo, tupa bildi.

Bildi ya maji marefu ni risasi ya ratili 28 au zaidi, na kitakoni ina tundu la kujazwa shahamu. Kamba inakupa kina kwa pima, kila pima futi sita. Shahamu inarudi na mchanga, tope au vipande vya kombe, nawe unalinganisha na ramani. Ila meli isipopunguza mwendo, kamba inalala nyuma kabla risasi haijagusa chini, ukapata kina cha uongo. Ndiyo maana wenye haraka huiacha. Atlantic ilikwenda noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, mpaka ikapanda mwamba wa Marr's Head, karibu na Halifax, saa tisa na robo usiku, tarehe 1 Aprili.

Mashua zote kumi zilivunjika au zilichukuliwa na mawimbi. Meli ikalala ubavu wa kushoto, tezi ikajaa, na nyuma huko ndiko walikolazwa wanawake na familia. Hakupona mwanamke hata mmoja. Kwa watoto alipona John Hindley tu, miaka 12. Speakman, mshika sukani, aliogelea na kamba yadi 40 hadi kwenye jabali. Zikaongezwa kamba nne, na watu kama 200 wakavuka kwa kuning'inia. Wengine waliganda palepale kwenye kamba za milingoti. Wavuvi walipoleta mashua zao, ofisa mkuu Firth alikuwa bado juu ya mlingoti wa nyuma. Aliyemfuata kwa kamba ni mchungaji William Ancient, baharia wa zamani wa jeshi la Uingereza.

Waliokufa walizidi 500. Baraza la uchunguzi lilishika neno moja kuliko yote: kina hakikupimwa. Cheti cha Williams kikazuiwa miaka miwili. Juhudi zake baada ya ajali ndizo zilizomwokoa asinyang'anywe kabisa. Kaburi la pamoja la Terence Bay lina watu 277.

Tafuta ramani ya pwani ile. Weka kalamu mahali walipokuwa saa nane usiku, uniandikie wangepata pima ngapi.

Baba yako