Birmingham ilijengwa na karakana ndogo, si na injini ya mvuke peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu historia ya viwanda nchini Uingereza, na sina ugomvi na maelezo yake juu ya Manchester na viwanda vyake vya pamba. Alipofika Birmingham, hata hivyo, mwandishi wenu alipita mbiombio: alimtaja James Watt, aliyeiboresha injini ya mvuke, akamtaja mbia wake Matthew Boulton, akaisifu injini hiyo, kisha akatuachia picha ya jiji lililokuzwa na majengo makubwa yenye mabomba ya moshi na maelfu ya vibarua chini ya paa moja. Naomba nafasi katika safu yenu nieleze kwamba mambo hayakuwa hivyo. Birmingham ilikuzwa kwanza na mafundi wadogo, ambao wengi wao hawakuwa na zaidi ya chumba kimoja au viwili uani mwa nyumba, na Watt mwenyewe alihamia huko mwaka 1774 kwa sababu ndiko walikokuwapo watu waliojua kufua, kukereza na kulehemu vitu vidogo kwa vipimo vya uhakika.

Kuna jambo moja la kusahihisha kabla sijaendelea. Makala ilikumbusha kwamba mbunge Edmund Burke, akizungumza Bungeni mwaka 1777, aliuita mji huo duka kuu la vichezeo la Ulaya, na kando ya maneno hayo pakawekwa picha ya mwanasesere. Vichezeo alivyovisema Burke ni bidhaa ndogondogo za madini walizonunua watu wazima: bizimu za viatu, vifungo vya makoti, vijaluba vya ugoro, minyororo ya saa, mikasi ya kukatia tambi za mishumaa, pamoja na mapambo ya fedha, ya chuma cha pua na ya gamba la kasa. Watoto walihusika navyo, lakini kama wafanyakazi.

Kwa nini biashara hiyo iliota mizizi pale na si kwingine? Birmingham haikuwa na bandari wala mto wa kupitisha vyombo, kwa hiyo fundi wa kule alilazimika kutengeneza kitu chepesi chenye thamani kubwa, ambacho kingebebwa kwa farasi katika barabara mbovu na bado kikaleta faida. Makaa ya mawe na chuma vilipatikana maeneo ya jirani, na ulipofunguliwa mfereji wa kuleta makaa kutoka Wednesbury mwaka 1769, bei ya nishati ilishuka sana. Lakini sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ya kiutawala. Mji huo haukuwa na hati ya kifalme ya kujiendesha. Ulitawaliwa kama kijiji kilichopanuka, na haukupata baraza lake la mji hadi mwaka 1838, wakati ulikwishakuwa miongoni mwa miji mikubwa ya nchi. Katika miji mingi ya zamani ya Uingereza, vyama vya mafundi vilikuwa na sauti juu ya nani afungue karakana na nani azuiwe. Birmingham haikuwa na vyama vya namna hiyo. Mgeni aliyeingia na nyundo yake na akiba kidogo aliweza kukodi chumba na kuanza kazi bila kuomba ruhusa kwa mtu, na waumini wa madhehebu yaliyojitenga na Kanisa la Anglikana, waliobanwa kwingine, walikuta huko nafasi ya kuabudu na kufanya biashara kwa amani kiasi.

Tuchukue kifungo kimoja cha koti, kile cha shaba kilichochovywa dhahabu, ili msomaji aone kazi ilivyogawanywa. Bati la shaba lilipitishwa kwenye roli mpaka likawa jembamba. Mtu wa kwanza alilikata vipande vya duara kwa mashine ya mkono yenye skrubu. Wa pili aliweka kipande juu ya kalibu iliyochongwa ua au nembo, akaachia nyundo nzito iliyokuwa ikivutwa kwa kamba. Wa tatu alilehemu kitanzi cha nyuma. Wa nne alipaka mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, akaupitisha kwenye moto ili zebaki iondoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Wa tano, mara nyingi mwanamke, alikisugua kwa jiwe gumu mpaka kikang'aa. Na wengine wakavishona vifungo hivyo kwenye kadi tayari kwa kuuzwa. Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza aliyeutembelea mji huo mwaka 1766, aliandika kwamba kifungo kilipitia mikono hamsini, na kwamba kazi ilikuwa imerahisishwa kwa kukatwa vipande kiasi kwamba, mara nyingi, mtoto wa miaka sita au minane aliifanya sawasawa na mtu mzima. Aliyasema hayo kwa kusifu. Sisi tunaoyasoma leo tunamwona mtoto huyo, na tunamwona pia yule aliyekuwa akivuta mvuke wa zebaki kutwa nzima, kwa hiyo sikusudii kuwavika mafundi hao kilemba cha ukoka.

Mikono hiyo haikuwa lazima iwe chini ya tajiri mmoja. Mchonga kalibu alikuwa na karakana yake na wateja wake. Mwenye kuchovya dhahabu alikuwa na yake. Fundi wa vitanzi alikuwa uchochoro wa pili. Bidhaa ilitembea mtaani kutoka mlango hadi mlango ikiwa kwenye kikapu. Hata John Taylor, tajiri wa vifungo aliyeajiri mamia ya watu, alikulia katika mazingira hayo, na fedha za vifungo na vijaluba ndizo zilizomwezesha mwaka 1765 kuanzisha benki pamoja na Sampson Lloyd, ambayo ndiyo chimbuko la benki ya Lloyds tunayoisikia hadi leo. Mikopo ya muda mfupi ilikuwa damu ya karakana hizi, maana fundi alinunua shaba Jumatatu na kulipwa kazi yake Jumamosi, ikiwa mteja alikuwa mwaminifu.

Boulton naye hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuwa mwana wa mtengenezaji wa bizimu, akairithi kazi ya baba yake, na kiwanda chake cha Soho kilichojengwa katika miaka ya 1760 kilianza kwa bizimu, vifungo na vyombo vya fedha. Mchango wake ambao makala iliuacha kabisa, na ambao mimi nauweka karibu sawa na injini, ni Ofisi ya Kupimia Fedha. Kwa sheria ya Uingereza chombo cha fedha hakikuuzwa kabla ya kupimwa na kupigwa chapa, na fundi wa Birmingham alilazimika kukipeleka Chester au London, kikachelewa, kikakwaruzwa njiani, au mtindo wake ukaibwa. Boulton alipiga hodi Bungeni, akapingwa vikali na masonara wa London, na mwaka 1773 sheria ikapitishwa iliyoipa Birmingham, pamoja na Sheffield, ofisi yake. Chapa ya Birmingham ikawa nanga, na bado ni nanga, ingawa bahari iko mbali. Aliyefaidika na ofisi hiyo kuliko Boulton ni sonara mdogo ambaye hakuwa na uwezo wa kugharimia safari ya Chester.

Kuhusu injini yenyewe, ukweli unanyooka upande wangu kuliko upande wa mwandishi wenu. Kwa miaka mingi baada ya ubia wa Boulton na Watt kuanza mwaka 1775, Soho haikutengeneza injini nzima. Silinda kubwa zilitoka kwa John Wilkinson, aliyekuwa na mashine ya kuzitoboa kwa usahihi. Soho ilitoa michoro, wasimamizi na vipuri vidogo kama vali, yaani vitu vya aina ileile ambayo mikono ya mji huo iliizoea. Kiwanda chao kamili cha kusubu na kuunda injini kilifunguliwa Smethwick mwaka 1796. Na mvuke ulipoenea Birmingham katika karne iliyofuata, haukuwafuta mafundi wadogo kama ulivyowafuta wafumaji wa mikono. Wenye majengo waliweka injini moja, wakapitisha mhimili unaozunguka katika vyumba vingi, kisha wakapangisha vyumba pamoja na nguvu ya kuzungusha mashine. Fundi asiyeweza hata kuota kununua injini aliikodi kwa juma.

Udhaifu wa biashara hii ulikuwa mtindo wa mavazi. Kufikia miaka ya 1790 watu walianza kufunga viatu kwa kamba, na bizimu, zilizowalisha maelfu Birmingham, Walsall na Wolverhampton, zikakosa wanunuzi. Mwaka 1791 watengenezaji walimpelekea ombi mrithi wa kiti cha enzi, wakimsihi avae bizimu ili wengine wamuige. Alikubali, akavaa, akawaamuru na watumishi wake wavae. Watu wakaendelea na kamba zao. Mafundi wa bizimu waliumia sana, lakini mji haukufa, na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mtu aliyejua kukata bati kwa mashine ya skrubu na kulipiga juu ya kalibu hakuwa fundi wa bizimu tu. Ujuzi uleule ulifaa kwa vifungo, medali, minyororo, vitasa, vishikio vya majeneza na sarafu.

Mfano bora ni nibu za kalamu. Josiah Mason, aliyeanza maisha kwa kuuza keki mitaani huko Kidderminster, alikuja Birmingham na kuingia katika karakana ya kutengeneza pete za funguo. Kazi ya kukata na kupinda chuma chembamba ilimfikisha kwenye nibu za chuma cha pua, na yeye pamoja na Joseph Gillott na wengine waliufanya mji huo kuwa kitovu cha kalamu duniani katika karne ya 19. Wafanyakazi wengi wa nibu walikuwa wanawake, wakikaa safu kwa safu mbele ya mashine ndogo za mkono, kila mmoja akikata, akitoboa au akipasua maelfu ya vipande kwa siku kwa ujira mdogo. Fedha za nibu na pete za funguo zilijenga chuo cha sayansi cha Mason, kilichofunguliwa mwaka 1880, na chuo hicho ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1900.

Sitakuwa mkweli nikiacha bunduki. Mtaa wa mafundi bunduki ulifanya kazi kwa mpango uleule: huyu mtutu, yule kifyatulio, mwingine kitako cha mti. Sehemu kubwa ya bunduki za bei nafuu za karne ya 18 ilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi, zikabadilishwa na binadamu. Samuel Galton, mfanyabiashara wa bunduki aliyekuwa muumini wa dhehebu la Marafiki (Quakers), linalopinga vita, alikemewa na wenzake wa dini kwa biashara hiyo, akajitetea kwamba karibu kila mtu mjini humo alichangia vita kwa namna fulani, na mwaka 1796 wakamtenga. Utetezi wake haumsafishi. Unatuonyesha tu kwamba mtandao wa karakana uliosambaza riziki ulisambaza na hatia pia. Msomaji wa Kiafrika anastahili kuelezwa hayo katika makala inayousifu mji huo.

Kwa upande wa leo, makala ilisema kwa ufupi kwamba viwanda vidogo vilikufa kwa ushindani wa nje. Hilo ni nusu ya habari. Katika mtaa wa masonara wa Hockley, uliokuwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000 karibu na mwaka 1914, kilichoumiza baada ya vita kuu ya pili ni pamoja na ubomoaji. Karakana za zamani zilivunjwa kupisha jengo la ghorofa la Hockley Centre, lililokamilika mwaka 1971, na wengi waliotolewa hawakuweza kulipa kodi ya vyumba vipya. Mchonga kalibu anapofunga mlango, anayemtegemea hupoteza siku nzima kumtafuta mwingine, na mwishowe naye hufunga. Kiwanda cha Smith & Pepper, kilichoanza mwaka 1899, kilifungwa mwaka 1981 wenyewe wakiacha zana mezani na vikombe vya chai mahali pake; tangu mwaka 1992 ni makumbusho. Hata hivyo mtaa haujawa makumbusho mtupu. Shule ya usonara ya Vittoria Street, iliyofunguliwa mwaka 1890, bado inafundisha, ofisi ya nanga ilihamia jengo jipya mwaka 2015, na kampuni ya Hudson, ambayo kipenga chake kilichukuliwa na polisi wa London katika miaka ya 1880, bado inatengeneza vipenga jijini humo.

Shinikizo la sasa ni la makazi, kwa kuwa chumba chenye benchi la sonara hakimlipi mwenye nyumba kama fleti. Halmashauri ya jiji iliwahi kutenga sehemu ya katikati ya mtaa huo na kuzuia karakana zake zisigeuzwe nyumba za kuishi, hatua iliyowaudhi wawekezaji na ambayo mimi naiunga mkono. Kama mwandishi wenu anakusudia kuandika sehemu ya pili, namwomba aanzie kwenye uamuzi huo, awaulize wenye karakana waliobaki wanamtegemea nani mtaani kwa kazi wasiyoifanya wenyewe, na atuandikie majibu yao.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu wa siku nyingi